Kitanda Alichokiota Mjomba

Mama Taarifa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema ilikuwa alfajiri. Anasema mjomba wangu alishtuka usingizini, akakaa kitako, jasho likimtiririka kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, kwa sababu marehemu babu alimjia ndotoni akamwambia, "Dada yako yuko chini. Mwinue." Hapo hapo, anasema Mama Taarifa, mjomba akaokota kipande cha chaki akachora kitanda kizima ukutani, miguu yake, minyororo yake, hadi skrubu ya mwisho. Anaisimulia hadithi hii bombani, anaisimulia dukani, anaisimulia msibani watu wakiwa na machozi yao mengine. Kila akiisimulia, babu anaongezewa maneno. Mara ya mwisho nilipomsikia, marehemu alikuwa ameshataja mpaka unene wa bomba.

Mimi sibishani naye. Ila ukuta huo naufagia mimi kila siku. Chaki pekee iliyowahi kuuandika ni yangu, na nilichoandika ni saa za kumgeuza mama.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Siku moja, yuko katikati ya kukunja upindo wa suruali ya mtu, mkono wake wa kulia ukaachia nguo. Kisha mguu ukaachia, kisha nusu ya mdomo. Hospitali wakasema kiharusi. Alirudi nyumbani akiwa na maneno yaliyolowana, yanatoka kama nguo isiyokamuliwa, na mtu wa kuyaelewa nikawa mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeshinda naye. Wengine walimwitikia "ndiyo, ndiyo" hata alipokuwa anawatukana. Na alikuwa anawatukana sana.

Tulikaa chumba cha nyuma cha karakana ya mjomba. Mjomba ni fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Ni mdogo wake mama, wa mwisho kuzaliwa, na mama ndiye aliyembeba mgongoni na kumsomesha kwa cherehani hiyo hiyo. Mimi nilimaliza darasa la saba nikashika ufagio wa karakana. Chumba kilikuwa chake, umeme wake, na kila aliposema "kwangu" alikuwa anasema kweli.

Nesi alituambia mama asilalie upande mmoja zaidi ya saa mbili. "Nyama ya mtu ikikandamizwa inaoza yeye yu hai," alisema, mbele ya mama mwenyewe, kama anaongelea nyanya. Basi nikaandika saa ukutani, nikawa namgeuza. Lakini mama ni mtu wa mwili, na mimi ni mwembamba kiasi kwamba watu husema nikisimama mlangoni wanaona mlango tu. Kumgeuza mchana nilijikaza. Kumwinua nimwoshe ilikuwa vita. Nilimburuta, na ngozi ikaburutika naye. Kidonda kikaanza nyongani, kidogo kama kifuniko cha chupa. Baada ya mwezi kilikuwa mdomo wa kikombe.

Mjomba hakukiona hata siku moja. Kaka hamtazami dada yake akiwa wazi, hilo halina haja ya kuelezwa. Alifika mlangoni akageuza uso pembeni.

"Dada hajambo?"

"Mjomba, kidonda kimepanuka."

"Mpake dawa."

Na miguu yake ilikuwa imeshaanza kurudi kwenye mashine.

Ng'ambo ya barabara kuna bucha. Nilikuwa nikimwaga maji ya mama kila asubuhi nikimtazama muuza nyama akipandisha nyama kwenye ndoano. Yule baba ni mzee, ana kikohozi, mikono yake ni kama mafagio. Lakini alikuwa na kapi mbili juu ya boriti, mnyororo na mpini wa kuzungusha, na nusu nzima ya ng'ombe ilikuwa inapanda taratibu, yeye mkono mwingine kashika kikombe cha chai. Nilisimama na ndoo yangu asubuhi nne mfululizo. Siku ya tano akaniita.

"Binti, unanunua au unamlilia huyu ng'ombe?"

"Natazama hizo kapi."

"Kapi haziliwi."

"Baba, mnyororo ukikuponyoka, mbona nyama haianguki?"

Akakohoa, akacheka, akanionyesha: kipande cha chuma kinachong'ata meno ya gurudumu lisirudi nyuma. Nikamshukuru. Nikarudi chumbani nikimwambia moyo wangu, ng'ombe anainuliwa na mzee mwenye kikohozi, mama yangu atashindikanaje?

Chuma sikuwa nacho, na cha mjomba kilihesabiwa. Nilichokuwa nacho ni kitanda chetu chenyewe. Nikakikata. Mama nilimlaza kwenye godoro sakafuni, nikamwambia wiki moja tu, na siku za mapumziko ya karakana nikawa nachomelea mwenyewe, maana mtu akifagia chini ya mafundi miaka sita, macho yake nayo yanajifunza. Kutoka kwa fundi baiskeli nilipata lile gurudumu dogo la nyuma lenye meno, linalolia tik-tik-tik ukiacha kukanyaga, pamoja na mnyororo wake. Mikanda ya kumbebea niliishona kwa cherehani ya mama, kwa jinzi kuukuu zilizofuliwa mpaka zikalainika, na nafasi kati ya mkanda na mkanda nikaziacha pana ili kidonda kipate hewa. Mara tatu niliishona, mara mbili nikaifumua. Mama alikuwa anatazama kutoka sakafuni akinisahihisha.

"Mshono... mbaya," alisema. "Nani... kakufundisha?"

"Wewe."

"Uongo."

Mjomba alipita akakiona kikiwa mifupa mitupu.

"Hiki ni kitanda au mtego wa panya?"

"Cha kumwinulia mama, Mjomba."

"Umekata kitanda kizima kutengeneza nusu." Akawaita vijana wake wawili waje waone. "Njooni, vijana, mwone injinia. Msishangae kesho akikata nyumba atengeneze kizingiti!" Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Siku nilipokizungusha kwa mara ya kwanza, mama alipanda. Polepole, tik, tik, tik, mpaka chini yake pakapita mkono wangu wote, na kitambaa, na beseni. Nilimwosha mgongo bila kumburuta. Alikuwa ananing'inia pale, jicho moja linacheka, na nusu ya mdomo.

"Umeni... fanya ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe hana mdomo kama wako."

Nikizungusha mpini wa kushoto anageukia kulia, nikizungusha wa kulia anageukia kushoto. Ndani ya wiki saba kidonda kilirudi kuwa kifuniko cha chupa, kisha mbegu, kisha ngozi nyekundu mpya kama ya mtoto mchanga. Mama akanenepa. Akaanza kumtukana Mama Taarifa ukutani kwa sauti.

Hapo ndipo bwana mmoja akaja kuagiza geti. Alikuwa mtu wa maonyesho ya wabunifu, yale ya kila mwaka kwenye ukumbi mkubwa. Akawa anatafuta choo, akafungua mlango usio wake, akamkuta mama angani na mimi natandika chini yake. Badala ya kuomba radhi akaingia, akainama, akatazama meno ya lile gurudumu.

"Nani kabuni hiki?"

Nikafungua mdomo. Mjomba alikuwa ameshafika nyuma yake. Akakitazama kitanda. Akanitazama mimi, akautazama ufagio uliosimama kando yangu.

"Ni kitu cha hapa karakana," akasema.

Walipofika getini ilikuwa, "Ni kitu tulichobuni." Walipopeana mikono ilikuwa, "Ni kitu changu." Niliyasikia yote matatu, na hatua kati yao hazikufika ishirini.

Kikachukuliwa kwenda maonyesho kwa siku tatu. Ndivyo alivyosema mjomba, siku tatu, mwanangu, kisha kinarudi. Kwanza akakipaka rangi ya fedha. Mikanda yangu ya jinzi akaing'oa, akaweka ngozi nyekundu ya viti vya gari, inayong'aa, kwa kuwa wageni hawawezi kuonyeshwa matambara. Nikamwambia ile inashika jasho, ngozi ya mgonjwa itagandia. Akasema kwenye maonyesho hakuna mgonjwa. Mama akashuka tena sakafuni, kwenye godoro, kwa sababu kitanda kingine hatukuwa nacho. Kile ndicho kilichokuwa kitanda chetu.

Siku tatu zikawa wiki. Mjomba akapata kombe la kwanza. Wiki zikawa mbili. Nikiwa peke yangu nilimgeuza mama, chini kabisa, magoti yangu sakafuni, na kuinua mtu kutoka sakafuni ni kama kung'oa kisiki. Ile ngozi nyekundu ya mtoto mchanga ikapasuka siku ya kumi na moja.

Wiki ya tatu nilimwomba Mama Taarifa akae na mama, nikaenda ukumbini kwa miguu. Nilikikuta katikati, juu ya jukwaa dogo, kimezungushiwa kamba. Kulikuwa na kibao: KITANDA NYANYUA. Chini yake jina la mjomba, yote matatu. Chini zaidi: USIGUSE. Ila walioruhusiwa walikuwa wanagusa. Watoto wa shule wenye sare walikuwa wamepanga foleni wainuliwe. Mmoja anapanda, analala, kijana wa mjomba anazungusha, mtoto anapanda juu anapiga kelele za furaha, wenzake wanapiga makofi, anashuka, anapanda mwingine. Mwalimu wao mnene akapanda pia. Alipoinuka akajifanya maiti, akakunja mikono kifuani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilihesabu watu arobaini na sita. Wote walikuwa wazima.

Mjomba alikuwa amevaa suti. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Kitanda, Mjomba. Kidonda kimefumuka."

Alikuwa na mabwana wawili kando yake. Akaniwekea mkono begani, akatabasamu kwao. "Huyu ni binti wa yule dada yangu niliyewasimulia. Ananisaidia kufagia."

"Ah!" akasema mmoja. "Una bahati, binti. Wangapi wana mjomba kama huyu?"

"Mmoja tu, Baba," nikasema. "Mjomba, hata usiku tu kirudi, asubuhi nikuletee..."

"Sasa hiki si changu tena, ni cha maonyesho. Mali ya watu." Alikuwa anaongea kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua linakuchwa. "Nina oda ya hospitali, vitanda thelathini. Nikimaliza hivyo, cha kwanza kinachobaki ni cha dada yangu. Unadhani mimi sina uchungu? Yule ni damu yangu."

"Basi nipe mabaki ya mabomba, nitengeneze mwenyewe."

Mkono wake begani ukawa mzito. "Utengeneze kitu changu?"

Nikakitazama kile kibao chenye majina yake matatu.

"Mwanangu, kile chumba mnachokaa, kuna fundi mpya anakitaka. Nimemwambia asubiri. Sijamwambia asubiri mpaka lini." Akanipigapiga bega mara mbili. "Msalimie dada."

Nikarudi. Mama aliniuliza kwa jicho. Nikamwambia, wiki ijayo. Mama alikaa sokoni na wateja miaka ishirini akiwaambia wiki ijayo. Neno hilo analijua undani wake.

Nilijaribu kuifunga kapi moja kwenye boriti ya chumba. Boriti ikatoa vumbi na sauti, nikaacha, nikiogopa kumwangushia mama paa la mjomba. Muuza nyama alinipa ngozi ya kondoo nimtandikie mama, ikasaidia siku chache. Kidonda kikawa viwili. Cha pili kilikuwa mgongoni pale uti unapoishia, na siku moja nikikisafisha nikaona kitu cheupe, nikadhani ni pamba niliyoisahau. Nikakigusa kwa kibanio. Haikuwa pamba.

Nesi akaja, akatazama, akanivuta nje. "Akiendelea kulala hapa chini, hamalizi mwezi."

Nilimpelekea mjomba maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anapiga simu. Akafunika simu kwa kiganja. "Jumamosi kinarudi," akasema.

Na Jumamosi kikarudi kweli.

Niliwasikia wakikishusha kwenye gari, nikatupa ufagio. Mama alisikia lile tik-tik walipokigonga mlangoni, akaanza kulia kwa jicho moja. Sikuwahi kumwona akilia tangu aanguke. Nilimwosha haraka, nikambadilisha, nikafunga vidonda kwa kitambaa kipya. Nikatandika shuka mbili juu ya ile ngozi nyekundu ya viti, ya tatu nikaiweka ya kumfunika. Vijana wawili wakageuka ukutani, wakanishikia pembe za godoro kinyumenyume, tukamwingiza. Nikazungusha. Akapanda. Pumzi aliyoitoa pale ilikuwa ndefu kama ya mtu aliyevua viatu baada ya safari ya siku nzima.

Ndipo mjomba akaingia na suti, na nyuma yake mpiga picha, na kijana wa gazeti mwenye daftari.

"Shuka ziondoke," akasema mpiga picha. "Zinaficha mashine."

"Zinamkinga mama," nikasema.

"Dakika mbili tu, dada."

Wakazivuta zile mbili za chini, wakaacha ile aliyojifunika. Mjomba akashika mpini. Akazungusha kinyume, meno yakagoma, kitanda kikatetemeka, mama akatoa sauti. Nikasogea, nikauweka mkono wake mahali pake, nikauzungusha pamoja naye.

"Dada wa ufagio, kivuli chako kinaingia."

Nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mama atabasamu kidogo!"

"Anatabasamu," nikasema. "Upande huo ndio hautabasamu."

Mpiga picha akahamia upande wa pili.

Kijana wa gazeti akafungua daftari. "Mzee, wasomaji wetu wangependa kujua. Wazo lilikujaje?"

"Mvumbuzi halali usingizi," mjomba akasema. "Mvumbuzi ni mtu wa kutazama tatizo la kila siku ambalo wengine wamelizoea. Mimi nilikuwa nikimtazama dada yangu anavyoteseka. Kila siku. Nikawa namtazama, namtazama..."

Mama akasema kitu. Kijana akainua kalamu.

"Anasemaje?"

Mama alikuwa amesema, "Mwulize, kidonda kiko wapi."

Mjomba alinitazama. Nyuma yake, mlangoni, alisimama yule fundi mpya anayesubiri chumba. Alikuwa amekuja kusaidia kubeba.

"Anasema, asante," nikasema.

Kijana akaandika. Mama hakupoteza masikio, alipoteza mdomo tu. Alilifumba lile jicho zima, na hakulifumbua mpaka picha zikaisha.

Walipomaliza, mjomba akatazama saa. "Haya. Mteremshe, gari linasubiri. Saa kumi kiwe kimefika ukumbini, waziri anakuja kukiona."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mjomba, si umesema Jumamosi kinarudi?"

"Kimerudi. Hukukiona?"

Mpiga picha alikuwa anakunja nyaya zake. Mama akafumbua jicho. Akasema pole pole, kila neno akilisukuma peke yake, akimtazama mdogo wake.

"Anasema nini tena?" mjomba akauliza.

"Anasema umwache humu mpaka kesho."

Safari hii nilitafsiri neno lake kama lilivyo. Kila mtu chumbani alilisikia. Kijana wa gazeti akaanza kutafuta kifuniko cha kalamu yake sakafuni. Mjomba akavuta mikono ya koti, akapangusa tone la grisi lililomshika kwenye kidole, akarudi kupangusa palipokuwa pameshakauka.

"Shikeni huko miguuni," akawaambia vijana. Kisha akatoka nje.

Hakuna aliyejua kukiteremsha isipokuwa mimi. Wangekifungua kwa nyundo, angeanguka. Nikashika mpini, nikainua kile kichuma kinachong'ata. Kitanda kikaanza kushuka. Mama akaupeleka mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaukamata mkanda mwekundu. Kwa mkono mmoja nikazuia mpini, kwa mwingine nikaanza kumbandua vidole, kidole baada ya kidole. Vilikuwa na nguvu. Vidole vya fundi cherehani.

Hakumtazama mtu mwingine tena. Alinitazama mimi.

"Basi wewe," akasema. "Wewe... niache humu. Mpaka kesho tu."

"Anasemaje?" kijana mmoja akauliza, kashika miguu.

Nilikuwa nimefika kidole cha tatu.